Sista Mbele ya Kamati

Mto Tana ulipofurika kwa mvua za El Nino, barabara ya Nairobi ilikatika, na sisi tuliokuwa mjini Garissa tukawa kama watu wa kisiwani. Nilikuwa muuguzi katika wodi ya watoto, msichana wa mtaa wa Galbet mwenye sare nyeupe na mtandio mweupe, mmoja wa wasichana wachache wa kwetu waliokuwa wamesomea kazi hiyo. Wenzangu waliokwenda likizo bara walishindwa kurudi. Malaria ilienea, ikafuatwa na ile homa iliyoanza kwa kuua mbuzi kisha ikawageukia wenye mbuzi. Watoto walilala wawili wawili kitanda kimoja, mama zao sakafuni. Nilikuwa nikimaliza zamu ya mchana naunganisha na ya usiku, na kukicha naanza nyingine.

Sikuchoka. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, mimi niliyefundishwa dalili. Badala yake nilijiona nimebarikiwa. Usingizi ulinihama, maneno yakanijia kwa wingi, Kisomali, Kiswahili na Kiingereza kwa pumzi moja. Niliosha kuta za wodi. Niliwahutubia kina mama juu ya vyandarua mpaka wakachoka kuitikia. Aliyeona kwanza ni Hooyo, yaani mama yangu. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, na miaka ya kutazamana na wateja ilimfundisha kumsoma mtu usoni.

"Unaongea kama redio isiyokuwa na wa kuizima," aliniambia. "Keti ule."

Sikuketi.

Maji ya mafuriko yalikuwa yameingia katika stoo ya dawa na kulowesha makasha kadhaa, yakatupwa. Juu ya jambo hilo la kweli akili yangu ilijenga lake: kwamba dawa zote zilizobaki zimetiwa sumu, na ni mimi peke yangu ninayejua. Mchana mmoja nilifunga stoo, nikaufunga ufunguo katika ncha ya mtandio, nikazibeba chupa zote za kwinini zilizokuwa wodini, nikaenda kuzivunja moja moja kwenye ukuta wa tangi la maji. Wakati huohuo mtoto aliletwa na degedege la malaria. Kwinini ndiyo aliyoihitaji.

Aliyeokoa mambo siku ile ni metroni wetu, mama wa Kikamba kutoka Mwingi, mrefu, mkali, ambaye viatu vyake vilibaki vyeupe hata katika matope yale. Alimtuma dereva mbio kwenye duka la dawa mjini, na yeye mwenyewe akashika mkono wa mtoto na kutafuta mshipa. Mtoto aliishi. Mimi nilishikwa na walinzi wawili. Nakumbuka nikipiga kelele kwamba nimewaokoa wote. Nakumbuka pia sauti ya mama mmoja akisema neno la kwetu, "waalan", mwenda wazimu. Hakulisema kwa chuki. Alilisema kama mtu anayesema mvua inanyesha.

Nyumbani walimwita sheikh wa msikiti wetu. Alinisomea Kurani asubuhi na jioni, kwa upole, bila fimbo wala moshi. Baada ya siku chache alimwambia Hooyo, "Nimesoma, na nitaendelea kusoma. Lakini huyu mpeleke na kwa daktari. Mwenyezi Mungu hakushusha ugonjwa bila kushusha dawa yake." Barabara ilipofunguka walinipeleka Nairobi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko daktari alinieleza ugonjwa wangu kwa lugha rahisi: akili yangu hupanda mno, kisha hushuka mno, na kuna chumvi fulani, lithiamu, inayoizuia isipande wala kushuka kupita kiasi. Nilipoanza kushuka nililia wiki nzima. Kisha nikatulia. Nikarudi Garissa na vidonge vyangu, mwembamba, mikono ikitetemeka kidogo, nikiwa na hamu moja tu, kuvaa sare yangu.

Metroni aliniita ofisini siku niliyokwenda kumsalimu. Hakuzunguka.

"Sista, nimepeleka ripoti yako kwa baraza linalotupa leseni. Wataichunguza. Mpaka waamue, huwezi kugusa mgonjwa. Nimetaka ulisikie kwangu, si kwa watu wa korido."

"Umenishtaki?"

"Ndiyo. Mtoto alikaa bila dawa katika wodi yangu. Ningenyamaza, ningekuwa metroni wa nini?"

Nilitoka bila kumuaga. Nilimchukia, nakiri, kwa muda wa kutosha. Nilikuwa nimelaza kichwa katika wodi yake mara nyingi kuliko nilivyolaza nyumbani, na sasa yeye ndiye aliyenipeleka kwa watu ambao wangeweza kunivua kazi kwa sahihi moja.

Nyumbani kulikuwa na kikao. Abti, mjomba wangu, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo na mtu wa kauli katika ukoo wetu. Alikwisha kuzungumza na mganga mmoja wa hospitali, ambaye kwa kutuhurumia alikuwa tayari kuandika kwamba nilipandwa na malaria kichwani. Malaria ya kichwa humfanya mtu yeyote aropoke. Hakuna aibu ndani yake.

"Utasema hivyo Nairobi," Abti alisema. "Malaria. Umeugua, umepona, yamekwisha. Ukisema hilo lingine, unadhani ni kazi tu itakayopotea? Nina mabinti wanne. Nani atakuja kuposa katika nyumba yenye wazimu?"

Mabinti wake nilikuwa nawapenda, na najua watu wa kwetu huulizana nini kabla ya posa. Lakini nilikuwa na jibu langu mwenyewe, nalo nililifikiria nikiwa nimelala juu ya mkeka mchana kutwa, joto likivuma nje. Malaria huisha. Nikisema malaria, nitavimeza vidonge vyangu kwa kujificha maisha yangu yote, na siku nitakapokosa pa kujificha nitaviacha. Nikiviacha, nitarudi kwenye ukuta wa tangi. Na pengine siku hiyo hakutakuwa na dereva wa kutumwa mjini.

Nilimwambia Abti hivyo, kwa adabu, macho chini. Alikasirika, akamgeukia Hooyo amkemee binti yake. Hooyo alikuwa akisuuza madumu ya maziwa. Hakuacha kusuuza.

"Wewe unauza ngamia," alimjibu nduguye kwa Kisomali. "Mnunuzi akigundua umemfichia ngamia mmoja mgonjwa, je, atanunua hata wale wazima? Mwache aseme."

Abti aliondoka bila kunywa chai. Hilo kwetu si jambo dogo.

Wito wa kamati ya baraza ulipofika, nilijiandaa kusafiri na Hooyo. Alfajiri ya safari, kwenye kituo cha basi, nilimkuta metroni amesimama na mkoba wake mdogo. Nilidhani anakwenda kwao Mwingi.

"Nakwenda unakokwenda," alisema. "Wameniita mimi pia nikatoe maelezo. Mama yako si lazima apande. Sokoni watamkosa."

Hooyo, ambaye herufi p ya Kiswahili ilimshinda maisha yake yote, alimshika mkono metroni kwa mikono yake miwili. "Metroni, mtoto yangu nimekuba wewe. Ende na yeye, rudi na yeye."

"Nitarudi naye, Mama."

Basi lilitoka likiwa katika msafara, askari wa kusindikiza mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi wa barabarani miaka ile. Kwetu safari ya Nairobi tuliiita kwenda Kenya, na mtu akiivuka Tana hapo ndipo alipoulizwa kama yeye ni Mkenya. Darajani askari aliingia na kuamuru Wasomali wote wateremke na vipande vyao, pamoja na ile kadi ya pili ya kuthibitisha uraia tuliyopewa sisi Wasomali peke yetu. Watu wa bara walibaki vitini kama kawaida. Nilishuka, nikapanga foleni juani na wazee na kina mama wenye watoto. Niligeuka nikaona metroni amesimama nyuma yangu, kipande chake mkononi.

Askari alimshangaa. "Mama, wewe rudi ukae."

"Nasafiri na huyu," alisema. "Tunapanga foleni pamoja."

Alisimama mpaka zamu yetu ikafika. Tulipofika Mwingi alinunua mahindi ya kuchoma, akanimegea nusu, na mimi nikala. Nadhani chuki yangu niliiacha hapo kati ya daraja na mahindi.

Kamati ilikaa katika chumba cha juu chenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mzee mwenye miwani ya mnyororo, mwanamke aliyezungumza polepole. Kulikuwa na daktari mmoja aliyeandika muda wote, na bwana mmoja wa sheria mwenye koti la kijivu. Walinikaribisha kiti. Metroni aliketi pembeni, mgongo wima.

"Unajua kwa nini uko hapa?" mwenyekiti aliuliza.

"Najua. Nilivunja dawa za wodi na kufungia nyingine, na mtoto mgonjwa akachelewa kupata dawa."

"Unakubali?"

"Nakubali. Nilikuwa mgonjwa wa akili. Sikujua wakati ule. Sasa najua, na nina dawa."

Bwana wa sheria alinyanyua macho. Nadhani alikuwa amejiandaa kunifuatilia kama mtu anayekimbia, na mimi nilikuwa nimekaa palepale.

"Unaweza kuihakikishia kamati kwamba jambo hili halitatokea tena?"

"Hapana," nilisema. "Mgonjwa wa kisukari hawezi kumwahidi mtu kwamba sukari haitapanda. Naahidi nitameza dawa. Nitapima damu. Nitalala. Na nikianza kukosa usingizi, nitamwambia metroni kabla hajaniambia yeye."

"Na kama yule mtoto angekufa?"

Swali hilo nilikuwa nimejiuliza mara nyingi kuliko yeye.

"Ningekuja hapahapa," nilisema, "lakini ningekuja kuirudisha leseni, si kuiomba. Nilikwenda kwao kabla ya safari hii. Nilimwomba mama yake radhi, akanipa mtoto nimpakate. Anatembea. Nimekuja kwa sababu anatembea."

Mwenyekiti alivua miwani yake, akamgeukia metroni. "Wewe ndiye uliyeleta malalamiko haya. Unataka tufanye nini?"

Metroni alisimama. Hakuwa ametakiwa kusimama.

"Mimi ndiye niliyemshtaki, na kama jambo lile lingetokea kesho ningemshtaki tena. Hilo liandikeni. Halafu andikeni na hili. Mtoto akija amekauka maji kabisa, mishipa haionekani, madaktari wangu wanamtafuta huyu. Na zamu zile za mchana na usiku hakujipangia. Nilimpangia mimi, siku baada ya siku, kwa sababu hakusema hapana na mimi sikuwa na mwingine. Kama mnachunguza ni nani aliyekosea wodini, jina langu litangulie lake."

Daktari aliacha kuandika. Nilimtazama mwanamke huyu niliyekuwa nimemwogopa miaka yote, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba vidole vyake, vilivyoshika ukingo wa meza, vinatetemeka kuliko vyangu.

Tulitolewa tukasubiri koridoni, kwenye benchi, tukinywa chai iliyopoa. Walipotuita tena, mwenyekiti alisoma uamuzi. Leseni yangu haitafutwa. Kwa mwaka mmoja nitafanya kazi kwa masharti: sitashika ufunguo wa dawa, sitafanya zamu za usiku, na daktari wangu atawaletea taarifa yangu. Baada ya hapo watanitazama upya.

"Una la kusema?" aliuliza.

"Ahsanteni," nilisema. Nilikuwa na mengine, lakini machozi yalitangulia.

Ngazini metroni alinipa kitambaa chake. "Futa uso," alisema. "Jumatatu uko zamu ya asubuhi. Usichelewe."

Sitasema kwamba Garissa ilinipokea kwa vigelegele. Wiki ya kwanza mwanamke mmoja aliyeleta mtoto anayeharisha aliuvuta mkono wa mtoto aliponiona nakuja na sindano. "Si huyu," alisema kwa Kisomali, bila kushusha sauti. "Huyu ndiye yule wa chupa." Nilimwita mwenzangu amhudumie, nikaenda kwa kitanda kilichofuata. Siku mbili baadaye mshipa wa mtoto wake ulivimba, wakajaribu kupata mwingine, mara moja, mara ya pili, mtoto akilia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake aliinuka, akaja mpaka nilipokuwa, akaniambia tu, "Abaayo, njoo." Abaayo ni dada. Niliupata mshipa kwenye mguu, nyuma ya kifundo. Hakuniomba msamaha, wala sikuuhitaji. Alinitandikia kanga yake nikae.

Jambo gumu zaidi lilikuja na Ramadhani. Lithiamu haitaki mtu akose maji, na Garissa ni joto la kukausha ngozi kwenye kamba. Daktari alinikataza kufunga, na sheikh akasema mgonjwa hafungi, alishe maskini. Nilijua sheria, lakini kujua ni kitu kimoja na kunywa maji mchana wa Ramadhani katika mji wetu ni kingine. Siku ya kwanza nilivumilia mpaka adhuhuri, kichwa kikazunguka. Metroni aliona. Alinifungulia ofisi yake, akaweka jagi la maji na glasi, akatoka na kusimama nje ya mlango, akijifanya anakagua shuka. Alifanya hivyo kila siku ya mwezi ule, mwanamke wa kanisani akinilindia Ramadhani yangu.

Bila shaka watu walijua. Mwezi ulipokuwa ukiishia, mwanamke mmoja sokoni alimuuliza Hooyo, mbele ya wateja, kama ni kweli binti yake anakula mchana. Hooyo aliendelea kupima maziwa.

"Binti yangu anameza dawa ya kichwa," alijibu. "Dawa inataka maji. Na mjukuu wako alipolazwa mwaka jana, ni nani aliyekesha naye?"

Hooyo mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya. Alikuja nayo nyumbani kama mtu aliyerudi na mbuzi aliyenona. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha kiasi kile, hata siku niliyofuzu chuo. Na Abti? Binti yake wa kwanza aliposwa kabla mwaka haujaisha, na wa pili baada yake. Harusini alinikalisha karibu na bibi harusi, mahali pa kuonekana. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Mwaka ulipotimia nilirudi mbele ya kamati, safari hii peke yangu. Taarifa za daktari zilikuwa nzuri. Mwenyekiti yuleyule aliniambia kwamba masharti yote yameondolewa: ufunguo wa dawa nitashika, na zamu za usiku nitapangiwa kama wengine.

"Ufunguo nashukuru," nilisema. "Lakini sharti la zamu za usiku naomba mliache lilivyo. Lilikuwa sharti lenu. Sasa nataka liwe langu. Usingizi ni nusu ya dawa yangu."

Bwana wa koti la kijivu alicheka kidogo, si kwa dhihaka. "Sijawahi kuona mtu akiomba sharti lisiondolewe."

"Basi umeona," mwenyekiti alimwambia, akaandika.

Niliporudi, hospitali ilikuwa imeanza kliniki ndogo ya wagonjwa wa akili, siku moja kwa wiki, daktari akija kutoka bara. Hakuna muuguzi aliyeitaka. Wengine waliiona kama adhabu. Niliiomba, na metroni akanipa bila kuuliza mara mbili.

Wa kwanza ninayemkumbuka vizuri aliletwa kwa pikapu na kaka zake wawili kutoka upande wa Wajir. Alikuwa mwanamke kijana, mikono imefungwa kwa kamba ya ngamia, mdomo umepasuka kwa kiu. Walimkalisha chini ukutani na kusimama kila mmoja upande wake.

"Mfungueni kwanza," nilisema.

"Sista, huyu atakimbia," kaka mkubwa alisema. "Hujui ugonjwa huu."

"Naujua. Ninao."

Alinitazama mtandio, akatazama sare, akatazama beji niliyobandika kifuani. "Wewe?"

"Mimi. Daktari atamwona na kuamua dawa yake. Mimi yangu nimeimeza asubuhi na chai."

Wakatazamana. Kisha yule mdogo akachuchumaa, akaanza kufungua fundo kwa meno, maana lilikuwa limekaza. Nilimpa dada yao maji. Alikunywa glasi mbili, akajipangusa mdomo, akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia bado. Akasema nisichelewe, nikacheka, na daktari akatuita.